Hatua Mia na Ishirini

Kabla sijajua kusoma nilijua bei.
Kibaba cha simsimu pesa ngapi,
uzi wa kushonea kofia pesa ngapi,
na nani akikupimia hutia dole gumba ndani ya pishi.

Nilikuwa miguu ya Bi Mwanashee.
Alikuwa na yake, miwili, mizima,
lakini mchana ilikaa ghorofani
nami nilisimama chini ya wikio
nikingoja kikapu kishuke kwa kamba,
rupia imefungwa kwenye pindo la leso,
na sauti ikifuata nyuma:
“Shekuwe! Usipite kwa kinyozi!”

Nilipita kwa kinyozi.
Kheri Lali alikuwa na kiti kimoja na pembe tatu za kuumikia,
asubuhi ananyoa, adhuhuri anatoa damu,
na jino akikung’oa hukupa mwenyewe
ukalirushe juu ya paa la kwenu.
Nilipita kwenye kinu cha Bin Dumila,
ngamia kafungwa macho kwa kaniki,
azunguka, azunguka, mafuta yachuruzika,
naye huenda akidhani yu njiani kwenda Witu.
Nilipita kwa sonara.
“Kesho” yake ilijulikana mpaka Shela.

Kisha, mwisho wa Usita wa Mui, Tayabali Bohora:
mlango mmoja, mizani yenye kutu,
na paka aliyelala juu ya gunia la mchele
hata wakati wa kupima mchele.

Siku moja Bi alinikaririsha maneno, mara tatu,
nisije nikayamwaga njiani:

*Nimeagiza mchele, umeleta changarawe,*
*meno yangu ni ya kale, hayasagi tena mawe.*

Tayabali alisikiliza, akanambia nirudie.
Akamwita nduguye toka ndani, nikarudia.
Akaongeza nusu kibaba.
“Mwambie, mawe ni ya bure.”

Hivyo ndivyo walivyogombana, miaka sita,
kwa mdomo wangu,
na wala hawakuonana.

Mara akauliza, kamba bado mkononi:
“Hilo duka likoje?”
Nikaona haya kumpa paka na kutu.
Nikampa vioo pande mbili, mizani ya dhahabu,
kasuku anayetaja bei kwa Kigujarati.
“Na kutoka hapa, hatua ngapi?”
“Mia na ishirini.”
Hilo halikuwa uongo. Nilizihesabu kila siku.

Mwaka rupia zilipokufa, zikaja shilingi,
Tayabali alifunga mizigo kwenda Mombasa, kwenye reli.
Paka alimwachia sonara.
Habari niliipeleka mimi.
Kamba ilikaa kimya, kikapu kikining’inia katikati
si juu, si chini.
Kisha: “Nina deni lake. Rupia tatu.”

Usiku ule, baada ya isha, alishuka.
Buibui jipya, lingali na harufu ya rangi.
Nilitangulia na fanusi, nikimsikia nyuma yangu
akinong’ona hesabu kama mtu wa tasbihi.

Mlango ulikuwa umetiwa komeo.
Aliweka kiganja juu ya ubao,
akaupima, shubiri kwa shubiri,
toka mwimo hadi mwimo.
“Shubiri tano,” alisema.
Nilitazama chini.
“Na kasuku?”
“Kasuku… kasuku alikwenda Mombasa.”

Buibui likatikisika. Sikujua kama ni kicheko.
Akafungua pindo, akainama,
akazipenyeza rupia tatu chini ya mlango,
moja, moja,
fedha isiyonunua tena kitu,
tukazisikia zikibiringika gizani mle ndani
mpaka ya mwisho ikalala.

“Hatua themanini na nne,” alisema njiani.
“Hukudanganya hapo. Ni miguu yako tu, mifupi.”

Tukafika pembeni penye harufu ya sabuni na damu.
Akasimama.
“Hapa ndipo kwa kinyozi?”
“Ndipo.”
“Basi tupite.”